Kikombe Changu Usikioshe

4 Februari

Kasuku,

Natumaini u mzima, maana nataka uwe na nguvu za kuisoma barua hii hadi mwisho. Mimi sijambo. Cherehani ile nyeusi imekatika mkanda, nimeifunga kwa kamba ya kiatu na inashona hivyohivyo. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kapu la vitambaa vya sare, kwa hiyo kuna darasa zima litakalovaa manyoya. Mjomba wako goti limepoa, sasa anatembea nyumba hadi nyumba akilalamikia mgongo.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu unanichekesha, na nikishacheka nasahau kilichoniudhi. Hiki sitaki kukisahau.

Kinyozi wa mlango wa pili amenunua televisheni akaitundika juu ya kioo chake, na tamthilia yenu ikianza watu wanajazana hata wasio na nywele. Juzi alimkata mzee mmoja ncha ya sikio kwa sababu yule bibi mwenye jumba alikuwa anamfukuza kazi dereva wake. Dereva ni wewe. Nami nilikuwepo, nimesimama mlangoni na pini mdomoni, naona fahari kama kawaida yangu, mtoto niliyemlea tangu ana miaka sita amevaa suti na watu wote wamenyamaza kumsikiliza. Bibi akajifanya mwema, akaanza kukusanya vikombe mezani. Wewe ukamtazama, ukasema taratibu, "Kikombe changu usikioshe. Nitakiosha mwenyewe."

Watu walipiga makofi. Mimi nusura nimeze pini.

Hayo ni maneno yangu. Hayakuandikwa na huyo mwandishi wenu wala hayakuokotwa barabarani. Nani alikupa ruhusa ya kuyavalisha suti na kuyatembeza mbele za watu? Nataka wayafute. Na nataka unijibu jambo moja kwa wino, uliyasikia wapi.

Mamkubwa wako

23 Februari

Shikamoo Mamkubwa,

Barua yako imenifikia siku kumi zilizopita na nimeisoma mara nne, mbili kati ya hizo nikiwa wima. Nisamehe kwa kuchelewa. Nafurahi kusikia goti la mjomba limepoa, na pole yake na mgongo. Kwangu ni kazi tu. Tunaingia saa kumi na mbili asubuhi, simu zinafungiwa kwenye sanduku la bati, na hatuzioni mpaka jua lizame.

Ungeliona lile jumba ungecheka. Lina kuta tatu. Ngazi zile za marumaru ni mbao zilizopakwa rangi, zina vidato kumi na moja na haziendi popote, ukifika juu unasimama kwenye ubao mwembamba ukingoja waseme kata. Chai ni maji yenye sukari iliyounguzwa. Suti yangu imebanwa mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, ndiyo maana hujawahi kuniona nikigeuka. Mishono yake sitakusimulia, una umri wa kulinda moyo wako.

Sasa hayo maneno. Sikuyapanga. Dereva alikuwa aseme maneno marefu ya kuomba msamaha, kisha sehemu mbili mbele afe kwa ajali. Siku ile nilisahau mstari. Ulifutika wote kichwani, nikabaki nimesimama, yule mwigizaji anayecheza bibi akaona nimekwama, akaanza kushikashika vikombe ili kuvuta muda. Nilipoona mkono wake kwenye kikombe, maneno yakatoka yenyewe. Nilingoja muongozaji anitukane. Hakunitukana. Hata fundi wa taa aliacha kutafuna.

Kwa maneno hayo nimeponea. Hawaniui tena. Wameniongezea mwaka mzima, Mamkubwa, na mimi ni yuleyule uliyekuwa ukimwombea apate angalau kazi ya miezi mitatu. Siwezi kuwaambia wayafute.

Niliyasikia wapi, kwa kweli sijui. Ni maneno tu ya watu.

Mwanao, Kasuku

9 Machi

Kasuku,

Sisi hatujambo, paka hajambo, cherehani imepata mkanda mpya. Salamu zimeisha.

Maneno ya watu. Watu gani? Nitajie mmoja. Nimeishi miaka hamsini na nane na sijamsikia mtu yeyote akiyasema, mpaka uliposahau mstari wako. Sasa nayasikia kuanzia asubuhi. Mwanafunzi amemwambia mwalimu wake, akarudishwa nyumbani. Mteja niliyemkosea kola amenipokonya nguo yake mkononi, akaniambia mimi, kwenye kiti changu, "Kikombe changu usikioshe, mama," kisha akacheka na kutafuta nani mwingine wa kucheka naye. Nilimshonea kola upya, na nilimshonea imbane.

Halafu kinyozi akanisomea gazeti. Eti kijana mwenye kipaji ameyabuni mwenyewe, eti yalimjia kama ndoto. Ulikaa mbele ya mwandishi wa habari, ukakunja nne, ukasema umeyabuni. Nilikufundisha kuvua kofia ukiingia ndani, nilikufundisha kurudisha bakuli la watu likiwa limeoshwa, hili la kuiba mdomo wa mtu na kuapa ni wako sijui ulijifunzia shule gani.

Sikiliza. Maneno yale nimeyasema mara moja tu tangu nizaliwe. Niliyasema kwa mtu mmoja, ndani ya chumba kilichofungwa, na tulikuwa wawili. Kwa hiyo usinipige chenga. Uliambiwa na nani?

Mamkubwa

2 Aprili

Shikamoo Mamkubwa,

Naandika upesi, wananiita kupakwa poda. Nimekutumia kitambaa kizuri cha rangi ya majani makavu, ujishonee wewe, usimpe mtu.

Kuhusu gazeti, nilisema uongo na naomba radhi. Kuhusu mengine, kuna habari ambayo ni afadhali uipate kwangu kabla hujaipata kwa kinyozi. Wenye kiwanda cha sabuni ya vyombo wameyapenda yale maneno. Nimekwisha kutia saini. Utaona bango.

Hakuna aliyeniambia. Tafadhali usiniulize tena nilikoyasikia. Nikikujibu utaumia, na nikiendelea kukaa kimya ninaumia mimi, na mimi nimeshazoea.

Kasuku

15 Aprili

Kasuku,

Bango nimeliona. Nisingeweza kutoliona, wamelisimamisha ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wangu. Una kichwa kikubwa kuliko duka langu. Umeshika kikombe kinachong'aa, umenionyesha meno yote, na chini yake wameandika KIKOMBE CHANGU USIKIOSHE, NITAKIOSHA MWENYEWE KWA POVU JINGI. Povu jingi! Nimelazimika kugeuza meza ya cherehani ili nishone nikiwa nimekupa mgongo, na sasa mwanga unanijia kutoka kushoto na napinda mishono.

Kitambaa nimekipokea. Kipo kwenye mfuko wake, sijakigusa.

Nimekasirika, nataka ulijue hilo bila kubahatisha. Nimekasirika asubuhi, nimekasirika mchana, na jana nilimkasirikia paka. Maneno yale hayakuwa mzaha. Siku niliyoyasema nilishona mkono wa shati kwenye shingo. Na wewe unauzia sabuni.

Unasema nitaumia. Mimi si yai. Kama kuna unachokijua, kiseme, na kama hukijui, acha kujifanya mtu wa siri. Kazi ya kuvuta watu mpaka kesho ni ya tamthilia. Mimi nina sare arobaini za kumaliza.

Mamkubwa

6 Mei

Mamkubwa,

Shikamoo. Leo salamu zangu ni hizo.

Umetaka niseme. Nilikuwepo.

Nilikuwa na miaka saba na nilikuwa na homa. Ulinilaza chumba cha ndani mchana, ukashusha pazia, ukanigusa paji la uso ukadhani nimelala. Mlango ukabishwa. Nilimtambua mama kwa kikohozi chake kabla hajasema neno. Nilijiviringisha hadi ukingoni mwa kitanda, pazia lilikuwa na upenyo, nikaona miguu yake na mfuko wa karatasi chini ya kiti. Mlikunywa chai. Alisema amepata chumba, amepata kazi, amekuja kunichukua. Alizungumza peke yake muda mrefu, kisha akainuka, akachukua kikombe chake na chako, akaelekea kwenye beseni kama mtu aliye nyumbani. Ndipo ukasema. Hukupaza sauti. Nilisikia kikombe kikirudi mezani, kisha nikasikia mlango.

Jioni nilikuuliza nani alikuja. Ulisema mteja. Siku mbili baadaye ukanipa viatu vipya ukaniambia umeninunulia. Na tangu siku ile, kila nilipomuulizia, ulinijibu kwa sauti ileile kwamba aliondoka na hakurudi, hakuuliza, hakuandika. Miaka kumi na saba, Mamkubwa. Unanifokea kwa kuiba maneno. Wewe ulinichukulia mama mlangoni, ukaniambia hakubisha hodi.

Utauliza kwa nini sikutoka kitandani. Nilitaka. Lakini niliona jinsi ulivyomwondoa mtu kwa kikombe tu, bila hata kusimama, nikafikiri nikitoka utaniambia na mimi nisiguse kikombe chako. Nilikuwa na wewe tu. Basi nikafumba macho, na huo ndio uigizaji wangu wa kwanza, na niliufanya vizuri kwa sababu mpaka leo ulikuwa ukiamini nimelala.

Ulinipa jina la Kasuku kwa kuwa narudia kila ninachosikia. Hicho sikukirudia. Nilikifungia miaka yote, mpaka siku niliyosahau mstari na kikapata upenyo. Nimekuwa mpole kwako kwa sababu nakupenda, na nakupenda kweli, lakini usinifundishe tena habari ya kuiba.

Mwanao

10 Juni

Shikamoo Mamkubwa,

Mwezi mzima na hujajibu. Nimempigia kinyozi, ameniambia u mzima, unashona, na ukiulizwa habari zangu unaomba mkasi. Basi naandika tena, maana kuna jambo halingoji hasira zetu ziishe.

Wameandika mapya. Dereva amegundulika kuwa ana mama aliyepotea. Mama anarudi, wanakunywa chai, naye dereva anatakiwa amwambie yale maneno ili watu wapige makofi. Nilivaa suti, nikabanwa vibanio, nikakaa kwenye kile kiti. Yule mama wa kuigiza akachukua vikombe. Muongozaji alirudia mara tisa, na mara zote tisa sikufungua mdomo. Safari hii mstari nilikuwa naukumbuka vizuri sana. Aliniita pembeni akanieleza kuwa taifa zima linanijua kwa sentensi moja, na mwigizaji asiyetaka kusema sentensi yake hana kazi. Nikamwambia sentensi si yangu. Akaniuliza ya nani, nikasema ya fundi cherehani mmoja, akadhani namdhihaki.

Kwa hiyo nitakufa mwezi wa nane. Nitaanguka kwenye ngazi zisizokwenda popote. Wenye sabuni nao wamesikia, bango litashushwa.

Lakini si hilo. Wiki iliyopita mlinzi wa geti alinizuia nikitoka. Alisema kuna mwanamke amekuja siku tatu mfululizo, anasimama kwenye kivuli cha ukuta, hataki picha wala saini kama wengine. Kila akiulizwa shida yake anasema anamtafuta kijana wa kikombe. Mlinzi alimwambia vijana wa kikombe wapo wengi siku hizi, nchi nzima inasema hivyo. Yeye akamjibu, "Wao wanasema. Mimi niliambiwa."

Ana mvi. Kikohozi ni kilekile. Kwenye tamthilia jina langu ni jingine na sura ya miaka saba sina tena, asingenijua kamwe. Amenijua kwa maneno yako. Anapika kwenye bweni la wanafunzi, siku hiyo alikuwa anamenya viazi televisheni ikiwa nyuma yake, na anasema alikata kidole.

Hakukusema vibaya. Nilingoja akuseme vibaya, nilitaka kabisa, lakini hakufanya hivyo. Ameomba kitu kimoja tu, nikuulize kama anaweza kuja. Nimemwambia mwenye nyumba ni wewe.

Kasuku

29 Juni

Kasuku,

Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza barua niliona naandika mashtaka. Nimechana sita. Hii ya saba nayo ni mashtaka, lakini nimechoka kuchana.

Mdogo wangu alikuleta akaniambia nikae nawe wiki moja. Wiki moja, Kasuku, kwa kinywa chake. Alikaa miezi kumi na minne. Hakuleta barua, hakutuma mtu. Ulikojoa kitandani miezi mitatu, ukawa unaficha mkate chini ya mto wa kulalia ili akija akukute na zawadi yake. Mkate unaota ukungu, unauficha mwingine. Mimi ndiye niliyekuwa nikiutoa. Halafu siku moja ananijia na mfuko wa karatasi na habari ya chumba, anataka kukubeba una homa, kisha anaokota vikombe vyangu kama mtu aliyetoka kwenda dukani mara moja.

Nyumbani kwetu tulikua hivi, mgeni haoshi kikombe. Anayeosha ni wa nyumbani, unaosha changu, naosha chako, mama yetu hakutaka kuona mtu anaosha cha kwake peke yake. Nilipomwambia asikioshe, nilimtoa katika ndugu. Alielewa, ndiyo maana hakubisha.

Na vile viatu ulivyovitaja, alivileta yeye, ndivyo vilivyokuwa ndani ya ule mfuko wa karatasi. Havikukutosha. Alinunua kwa kipimo cha mguu aliouacha. Nilivipeleka sokoni nikabadilisha, nikaongeza, nikakupa vinavyokuingia. Nilikuwa nakitazama kiatu kile kidogo na hasira zikinipanda, nikisema mama gani huyu hajui mguu unakua. Sasa mimi ni mzee kidogo na najiuliza, angejuaje, wakati niliyekuwa nauona mguu ni mimi.

Nilikudanganya. Sitatafuta neno jingine. Niliogopa nikikwambia amekuja utamfuata, na wewe ndiye uliyekuwa umebaki ndani ya nyumba yangu. Nilidhani nilikuwa nakukinga. Kumbe ulikuwa nyuma ya pazia, una miaka saba, umefumba macho ili nisikufukuze. Hilo limeniuma kuliko bango na sabuni na kola zote. Nisingekufukuza hata ungevunja vikombe vyote. Nilipaswa kukuambia wakati ule na sikujua kama unahitaji kuambiwa.

Hasira hazijaisha, usije ukamwambia zimeisha. Nina maswali yake ya miezi kumi na minne na atayajibu moja baada ya jingine. Kinyozi, ambaye hakuna aliyemuuliza, ananiambia ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nimemjibu jembe lake ni wembe, akae kwake.

Lakini mwambie aje. Jumamosi nafunga duka mapema. Aje na miguu yake, asilete mfuko. Na wewe umlete, kama hao watu wako watakupa ruhusa kabla hujafa. Suti yako niletee pia, siwezi kukuacha uanguke kwenye ngazi umevaa vibanio. Nitakukazia mgongo, ufe kama mtu aliyeshonewa. Kazi nyingine itapatikana. Kitambaa chako nimekitoa kwenye mfuko, nimekwisha kukikata.

Bango wamelishusha jana. Nimeirudisha meza mahali pake, mwanga ni mzuri.

Jumamosi asubuhi nitakunywa chai yangu kama kawaida. Kikombe nitakiacha mezani. Sitakiosha.

Mamkubwa wako